Bi Mlio na Makaa ya Mchungwa

Bi Mlio hakuwa mtu wa kuuza makaa kwa maneno. Mteja akija, alichukua vipande viwili guniani, akavigonganisha karibu na sikio la mteja, kisha akanyamaza. Makaa mema hulia. Hutoa mlio mwembamba, kama kijiko kilichogusa bilauri. Makaa mabaya hufanya pu, kama gunzi la hindi likidondoka sakafuni. Mteja akishasikia, basi, hakuna tena cha kubishania.

Jina la Bi Mlio alilipata hapo, na likamganda hata jina alilopewa na wazazi wake likabaki la kutafutwa. Hata ofisi ya misitu ilimwandika hivyo kwenye orodha ya wachoma makaa wenye kibali, naye akatia sahihi bila kinyongo. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha kupanga magogo, kuyafunika kwa nyasi na udongo na kuacha matundu ya moshi. Kusikiliza alijifundisha mwenyewe, na ilipofika mwaka wa tano wa ndoa mumewe alikuwa hafungi gunia kabla mkewe hajaligonga.

Kwa miaka thelathini sikio hilo halikumwangusha. Kisha ofisi ya misitu ikaufunga mlima. Bi Mlio hakulalamika, maana alikuwa ameona kwa macho yake jinsi miti mizito ilivyorudi nyuma mwaka hata mwaka, mpaka kuifikia ikawa safari ya kufungasha chakula. Badala yake wachoma makaa waliruhusiwa kutumia miti ya kupandwa, ile iliyonyooka kama askari gwarideni, inayofika juu ya paa kabla mtoto hajang'oka meno ya utoto. Bi Mlio aliipanga kwa subira ile ile, akaifunika, akaichoma. Makaa yakatoka mengi, meusi, ya kupendeza macho. Alipoyagonganisha, yakafanya pu.

Wateja wa jikoni hawakusema kitu. Chai ilichemka, maharage yaliiva, labda kwa kuongeza makaa mara mbili badala ya moja. Aliyesema ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa mhunzi.

Asubuhi moja mhunzi alikuja na kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha gunia. Alikiweka kizingitini, akakifunua. Kilikuwa kichwa cha shoka, na makali yake yalikuwa yamebanduka kutoka kwenye mwili kama kisigino cha kiatu cha zamani.

Bi Mlio alikitazama, akauliza kama ni ugomvi au ni zawadi.

Mhunzi alijikalisha kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama ilivyo haki ya shemeji, akaeleza. Shoka zuri, alisema, mwili wake ni chuma cha kawaida na makali yake ni chuma cha pua. Kuviunga viwili hivyo lazima vyote vipate moto mpaka viwe vyeupe, ndipo nyundo ivikutanishe. Sasa makaa ya siku hizi yana pupa. Yanaruka juu kwa kishindo, yanarusha cheche kama mtu anakaanga mbegu, na kabla chuma hakijapita wekundu jiko limebaki tupu. Akiongeza mapya, yanapoza yale ya zamani. Mashoka matatu yalikuwa yamemharibikia mwezi huo.

"Labda ni mkono umezeeka, shemeji," Bi Mlio alisema.

"Mkono umezeeka, sikatai. Lakini chuma hakijui umri wangu. Chuma kinajua moto tu."

Maneno hayo yalimkera Bi Mlio kuliko lile shoka. Alijua kuwa mzee huyu ana haki. Alikuwa amejaribu kuchoma polepole zaidi, kukausha magogo muda mrefu zaidi, kumenya magome. Makaa yalipata nafuu kidogo, lakini kulia hayakulia.

Hapo mhunzi akataja lile ambalo Bi Mlio alikuwa amelizunguka kwa miezi. Akamtaja kitindamimba.

Kitindamimba alikuwa binti wa mwisho wa Bi Mlio, na alikuwa fundi wa maabara katika chuo cha misitu, mwendo wa saa mbili kwa gari. Bi Mlio alimpenda mno, ila alikuwa na lake moyoni juu ya kazi hiyo. Alikuwa akisema kwa watu kwamba alimsomesha mtoto ili atoke kwenye majivu, naye mtoto akaenda kutafuta majivu mengine na koti jeupe la kuyachafulia. Mara tatu binti alikuwa amemwomba mama aje na makaa yake yapimwe. Mara tatu mama alisema kwamba siku mashine itakapoota masikio atakuja.

"Sikio halizidi kichwa, shemeji," mhunzi alisema, akaviringisha shoka lake. "Twende tukamsikilize mtoto."

Walikwenda Jumanne, wamebanana kwenye kebini ya lori la mbao ambalo dereva wake alikuwa mteja. Bi Mlio alipakata kikapu chenye vifuko viwili. Cha kwanza kilikuwa na makaa ya miti ya kupandwa. Cha pili kilikuwa na vipande vichache vya makaa ya mlima, alivyokuwa amevihifadhi kabatini pamoja na vyombo vya wageni.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza za vigae na dirisha lililoangalia vitalu vya miche. Kitindamimba aliwapokea mlangoni kwa furaha iliyochanganyika na wasiwasi, kama mwenye nyumba aliyejiwa na mkwe bila taarifa. Akawazungusha. Kulikuwa na kinu kidogo cha kusaga makaa yawe unga, na kabati la joto la kuyakaushia. Pembeni kulikuwa na tanuri la umeme, kubwa kiasi cha sanduku la nguo, la kuchomea vipande vya mti bila hewa. Mwisho akawaonyesha kitu alichokipenda kuliko vyote: chupa nene ya chuma, inayofunikwa kwa kifuniko cha kusokota na kuzamishwa kwenye ndoo ya maji. Unga wa makaa wa gramu moja unatiwa ndani pamoja na oksijeni, unawashwa kwa umeme, na maji ya nje yanapata moto. Ukipima maji yamepanda joto kiasi gani, unajua makaa yalikuwa na nguvu kiasi gani.

Mhunzi aliipenda chupa papo hapo. Aliizungusha mkononi, akauliza aliyeuchonga uzi wa kifuniko chake ni nani, akasema mtu huyo ajulishwe kuwa kazi yake imeonekana. Bi Mlio yeye alisimama na kikapu chake, akauliza swali alilokuja nalo. Mti ni mti. Moto ni moto. Mchomaji ni yule yule. Kwa nini huu ulie na ule usilie?

Binti alifikiri kidogo. "Mama, unaikumbuka nyumba ya bibi, ile ya miti na udongo?"

"Nimezaliwa humo."

"Mti nao umejengwa hivyo hivyo. Ndani yake kuna nyuzi ndefu, hizo ndizo fito. Kuna vitu laini vinavyoshikamanisha nyuzi, hizo ni kamba. Halafu kuna gundi ngumu iliyoziba kila mahali, huo ndio udongo. Sisi tunaiita lignini. Moto ukiingia, kamba zinakwenda kwanza. Fito zinafuata, na karibu zote zinageuka moshi. Udongo ndio unaobaki kwa wingi. Mti wenye udongo mwingi, uliokandikwa vizuri, unaacha makaa mengi na magumu."

"Na huu wa kupandwa?"

"Umejengwa haraka. Matundu mengi, kuta nyembamba, udongo umepakwa juu juu."

"Kama nyumba ya shemeji yangu," Bi Mlio alisema.

Mhunzi alijitetea kwamba nyumba yake ina miaka ishirini na haijaanguka ila upande mmoja. Kitindamimba alicheka, na mama naye akacheka, na kwa mara ya kwanza kikapu kikawekwa mezani.

Kicheko hicho kilimtoa ofisini mkuu wa maabara. Alikuwa bwana mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, na alizungumza taratibu kana kwamba kila neno kalipitisha mizanini. Aliposikia kuwa mgeni anapima makaa kwa sikio hakudharau. Alisema tu kwamba jambo hilo linaweza kujaribiwa. Kwenye rafu kulikuwa na vikombe tisa vya makaa ya miti mbalimbali, vimeandikwa herufi, na vyote vilikuwa vimekwisha kupimwa. Je, mama angependa kuvipanga, kutoka bora hadi dhaifu?

Bi Mlio alijifunga upya kitambaa cha kichwa. Akaomba feni izimwe. Akaomba na mhunzi aache kuchezea kile kifuniko cha chupa. Kisha akaanza.

Alichukua vipande viwili kutoka kila kikombe, akavipima uzito kiganjani, akavigonga karibu na sikio la kulia, halafu akakivunja kimoja na kutazama pale kilipovunjika. Hakuharakisha. Kikombe D kilipolia, alirudia mara tatu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyesikia wimbo wa utotoni. Alikiweka mbele ya vyote.

"Huu ni mti wa mlima," alisema. "Mti mzee, umekua kwa taabu, kwenye mawe. Hapa sikisii."

Vingine akavipanga nyuma yake kimoja kimoja. Alipofika kikombe F alikigonga, akakunja uso, akakigonga tena, kisha akakisogeza kando kabisa, mbali na wenzake.

"Hiki sikipangi. Hiki hakijaiva."

Kitindamimba alitaka kusema kitu, akajizuia. Mkuu wa maabara alivaa miwani, akafungua daftari, akasoma. Na hapo furaha ikaingia mchanga. Kwa mujibu wa mashine, makaa yote yalikaribiana sana. Yale ya miti ya kupandwa, ambayo Bi Mlio alikuwa ameyatupa mkiani, yalikuwa ya tatu. Mpangilio wake na wa daftari haukufanana ila hapa na pale.

Binti alitazama sakafu. Lakini Bi Mlio hakutahayari, maana alikuwa na hakika na sikio lake kama alivyokuwa na hakika na mkono wake wa kulia. Alikunja mikono, akauliza wanapima nini hasa.

Mkuu alimweleza: joto la gramu moja.

"Gramu ni uzito?"

"Ndiyo, mama. Uzito."

"Basi nimeelewa," Bi Mlio alisema. "Gramu ya pamba na gramu ya chuma ni gramu. Lakini huyu shemeji yangu jiko lake halina mizani, lina tumbo. Linameza makaa ya debe moja, halimezi zaidi. Debe la makaa ya mlima mtu akilinyanyua analalamika kiuno. Debe la haya ya kupandwa mtoto anakimbia nalo. Nyinyi mnapima makaa yana nguvu gani. Mimi napima jiko litapata nguvu gani."

Kisha Kitindamimba akavuta kopo moja la chuma, akalijaza makaa ya kikombe cha kwanza, akaliweka kwenye mizani, akaandika. Akafanya hivyo kwa kila kikombe, kopo lile lile. Halafu akakaa chini na kikokotozi, akazidisha uzito wa kopo kwa joto la gramu. Mkuu wa maabara alisimama nyuma yake, miwani puani. Mhunzi alisimama nyuma ya mkuu, ingawa hakuwa anaona kitu.

Binti alipomaliza aliigeuza karatasi ili mama yake aione. Vikombe vinane, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, vilikuwa vimejipanga vile vile alivyovipanga yeye.

Mkuu alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya koti, ingawa haikuwa chafu. Alisema kwamba hesabu hiyo inajulikana vitabuni, na kwamba kwa aibu kidogo anakiri kuwa wao hawakuifanya.

"Kimebaki F," mhunzi alikumbusha.

Hapo Kitindamimba alikiri. Makaa ya F aliyachoma mwenyewe kwenye tanuri la umeme, joto digrii mia sita, kwa muda wa saa mbili. Kwa miezi miwili kila alichokichoma humo kilimtoa jasho. Mti ule ule, siku hii ulitoa namba hii, siku ile namba nyingine, na moshi uliobakia ndani ya makaa ulikuwa mwingi kupita kiasi. Alikuwa ameandika ukurasa mzima akieleza kwamba miti ya bonde fulani ina tabia ya kubadilika.

Bi Mlio alichukua kipande cha F, akakivunja, akamwonyesha mstari wa kahawia katikati, mwembamba kama uzi.

"Usiusingizie mti, mwanangu. Mti haupo hapa kujitetea. Hili halikupata moto wa mia sita. Mia nne labda, na hata hiyo kwa kubembelezwa."

Walilifungua tanuri. Mhunzi, aliyekuwa akingoja nafasi ya kushika kitu, aliingiza mkono na taa ya simu. Waya wa kupimia joto ulikuwa umechomoka mahali pake, ukalalia ubavu wa koili yenyewe, ile inayotoa joto. Kwa hiyo ulikuwa ukipima joto la koili na kutangaza kuwa ndilo joto la chumba chote, kama mtu anayesimama kando ya sufuria akasema mji mzima una joto. Mhunzi aliurudisha kwa koleo, akaukaza kwa skrubu aliyoitoa mfukoni mwake. Kitindamimba alikaa kwenye stuli akajishika kichwa, na ghafla akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Miezi miwili alikuwa akidhani kosa liko kwenye akili yake.

Ikawa kila mtu ameshinda kitu, na ingefaa mambo yaishie hapo. Lakini Bi Mlio, kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alirudi kwenye kikombe D, akataka kujua mti huo wa mlima wameupata wapi, maana yeye na kibali chake hakuruhusiwa kuugusa.

Kitindamimba na mkuu wake walitazamana.

"Mama," binti alisema, "huo si wa mlima. Ni mchungwa."

Bi Mlio alimwomba arudie.

"Mchungwa. Lile shamba la michungwa chini ya daraja wanang'oa miti mizee wapande mipya. Walituletea magogo mawili kuuliza kama yanafaa kitu. Ni miti ya miaka arobaini. Imekua polepole, imejaa udongo, kama nilivyokwambia."

Sasa ieleweke kwamba Bi Mlio alikuwa ametumia maisha yake yote kuwafundisha watu kuwa mti wa matunda hauna makaa. Alikuwa na msemo wake: mti hauwezi kuzaa na kuchoma. Wachoma makaa wachanga waliomletea magogo ya shambani aliwarudisha nayo, tena kwa maneno. Na hapo mbele ya mashahidi watatu alikuwa ameuweka mchungwa juu ya miti yote ya dunia na kuuita mzee wa mlimani.

Mhunzi alikwenda dirishani, akawapa mgongo, mabega yakitikisika.

"Nani aliyauchoma?" Bi Mlio aliuliza hatimaye, na ulimi ukamteleza, akasahihisha. "Nani aliyachoma haya?"

"Mimi. Magogo yalikuwa manene, hayakuingia kwenye tanuri la umeme. Nikayapanga kwenye pipa huko nyuma ya jengo, nikalifunika udongo. Sikuweka kipimajoto. Nilingoja tu moshi uache kuwa mweupe, uwe wa buluu, mwembamba. Ndipo nikaziba."

Bi Mlio alivitazama vile vipande kiganjani kwa muda. Moshi wa buluu, mwembamba. Mtoto huyo alikuwa na miaka saba, ameketi juu ya gogo na kikombe cha uji, alipofundishwa neno hilo, na mama yake alidhani siku zote kuwa hakuwa akisikiliza. Alivirudisha vipande kikombeni kimoja kimoja.

"Umeviivisha vizuri," alisema, na kutoka kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake alikuwa kwenye shamba la michungwa kabla msimamizi hajamaliza kufungua geti. Msimamizi, mama mmoja mnene mwenye buti za mpira, alikuwa akirundika visiki na kuvitia kibiriti ili nafasi ipatikane. Aliposikia kuna mtu anataka visiki, tena atavichukua mwenyewe, alimshika Bi Mlio mkono kwa mikono yake yote miwili. Ofisi ya misitu nayo iliandika kibali bila matata, kwa kuwa ilikuwa miti ambayo tayari imelala chini.

Isidhaniwe kuwa mambo yalinyooka hapo hapo. Mchungwa ulimfundisha adabu. Magogo ya kupandwa hulala pamoja kama penseli. Visiki vya mchungwa vina viwiko, magoti na nundu, na kila ukikipanga kimoja kingine kinajikunyata. Tanuri lake la kwanza la udongo liliingiza hewa upande wa mashariki, na upande huo wote ukageuka majivu meupe. Bi Mlio alikaa na koleo lake la udongo akiangalia hasara, akawaambia majirani waliopita kwamba anapika sabuni ya majivu.

Kwa tanuri la pili Kitindamimba alichukua likizo ya siku nne. Alikuja na begi la nguo, na kipimajoto chenye waya mrefu wa chuma. Wakajaza nafasi kati ya visiki kwa matawi membamba, wakafunika, wakakandika, wakawasha. Siku ya tatu, adhuhuri, moshi uligeuka buluu, na Bi Mlio akainua koleo la kuziba matundu.

Binti akasema bado. Waya ulikuwa umezama hadi katikati, nao ulisema katikati bado ni mia tatu na themanini.

Bi Mlio akasema moshi haujawahi kumdanganya.

Binti akasema moshi ni wa matawi membamba, yaliyotangulia kuiva. Visiki ni vinene na bado viko nyuma.

Walizozana kwa muda wa kutosha mhunzi, aliyefika kuangalia, kukaa chini na kumaliza karanga zake zote. Bi Mlio alimgeukia akamtaka aamue. Mhunzi alijibu kwamba yeye ni mwoga kwa asili, ila kama alivyosikia chuoni, kuna kitu kinaitwa mstari wa kahawia, na yeye hautaki kwenye jiko lake. Bi Mlio alilitua koleo. Alisema atangoja kwa ajili ya heshima ya mgeni, si kwa sababu ameshindwa. Wakangoja saa tano. Waya ulipofika mia tano na hamsini, aliziba matundu kwa mikono yake mwenyewe, akapiga udongo juu makofi mawili kama anayemlaza mtoto.

Tanuri lilipopoa wakalifungua. Kisiki cha katikati kilitoka kizima, cheusi, kizito, na nundu zake zote. Bi Mlio alikigonga kwa mpini wa koleo. Kililia mpaka kuku wakainua vichwa. Aliutafuta mstari wa kahawia kila alipovunja, hakuupata, na alikuwa muungwana wa kutosha kumwambia binti kwamba saa tano zile zilikuwa na kazi.

Mhunzi hakuvumilia gunia lijae. Alichukua kikapu, akaenda nacho karakana, nao wakamfuata. Alijaza jiko mara moja tu. Alivuta mvukuto taratibu, na makaa yakashika bila kelele, hayakurusha cheche, yakazama kwenye wekundu, kisha rangi ya machungwa, kisha njano ambayo ilibaki palepale ikingoja amri. Alizika mwili wa shoka na makali yake katikati. Chuma kilipofika weupe, alikivuta, akakiweka kwenye fuawe, akapiga mara tatu. Pigo la kwanza lilitoa sauti mbili. La tatu lilitoa sauti moja.

Alilitumbukiza shoka majini, akalitoa, akaupitisha ukucha wake mnene pale palipoungana, akarudia upande wa pili. Kisha akampa shemeji yake alishike. Bi Mlio aliligeuza huku na huku. Hakuona pa kuanzia makali wala pa kuishia mwili.

"Mkono bado haujazeeka sana," alisema.

"Ni tumbo la jiko," mhunzi alijibu. "Limeshiba."

Wiki mbili baadaye ilikuja barua kutoka chuoni. Mkuu wa maabara aliomba, kwa maneno yaliyopimwa, kama mama angeweza kufika kila mwezi kuwafundisha wanafunzi kusikiliza makaa kabla hawajayasaga. Bi Mlio alimfanya mhunzi amsomee barua hiyo mara mbili, ya pili polepole. Halafu akajibu kwamba Jumanne hawezi, kwa sababu Jumanne anafungua tanuri; waje wao, wavae nguo za zamani, na yule binti wa koti jeupe awaongoze njia, maana anaijua.

Walikuja kumi na wanne.